Mikanda ya Stoo

Jumatatu, 3 Juni 2024. Moshi

Masika imekatika. Mlima Kilimanjaro umejifunua tangu alfajiri na vijana wote wameanza kuulizia safari. Kundi la kwanza litapanda kwa njia ya Machame wiki ijayo. Nimeagiza stoo yote imwagwe uwani: mahema, magodoro ya povu, viti vya kukunja, mitungi ya gesi, na lile pipa la mikanda ambalo kila msimu hujaa bila mtu kujua lina nini ndani. Safari hii kila mkanda utapewa kazi yake. Usio na kazi utatoka.

Mkanda ukishachakaa rangi hupauka na maandishi hufutika, huwezi tena kujua umetengenezwa kwa nini. Nikaweka ndoo ya maji. Kipande cha polipropilini, hata ukikikamua ndani ya maji mpaka hewa yote itoke, kitaibuka tu, maana ni chepesi kuliko maji. Nailoni na poliesta huzama. Vilivyoelea nimevitoa vyote kwenye kazi ya kubeba. Maji hayavidhuru, na sokoni bei yake ni ndogo, lakini jua huvila: ukikunja mkanda wa aina hiyo uliokaa nje muda mrefu, vumbi linadondoka na nyuzi zinakatika mkononi. Na jua la Shira, kule juu mlimani, ni kali kuliko la hapa mjini. Vitafungia mazulia ndani ya mifuko, basi.

Nailoni ni imara na laini mkononi, ila hunywa maji. Mkanda uliokazwa mkavu kwenye geti la mlima, ukinyeshewa kule msituni unalegea, na mzigo uliokuwa umetulia unaanza kuyumba. Poliesta haivutiki hivyo na jua inalistahimili zaidi. Kwa mabegi ya wageni na mahema nitaagiza poliesta.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimeshinda soko la Memorial, kwenye mitumba ya mabegi. Nilichokuwa natafuta ni klipu za mkanda wa kiuno.

Mabegi mengi ya wagumu wetu, yaani wabeba mizigo, ni mitumba, na karibu kila begi la mitumba hufika hapa klipu ya kiunoni imevunjika au imepotea. Mtu hulivaa hivyo hivyo, anapitisha kamba ya manila begani, anapanda. Ukilitazama begi hilo likiwa limetundikwa ukutani utaona ni zima. Lakini mkanda wa kiuno ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga, na nyonga ndizo zinazobeba. Bila huo, kilo zote zinaning'inia mabegani na shingoni, kuanzia getini mpaka kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Nimeona mabega yaliyochubuliwa na manila. Sitaki kuyaona tena kwa mtu anayebeba vitu vya stoo yangu.

Klipu si klipu tu. Mikanda ya kiuno huja kwa upana, mingi ni milimita 38 au 50, na klipu lazima ilingane. Mkanda mwembamba kwenye klipu pana unajikunja upande mmoja na kuteleza pole pole. Unakaza, unatembea kidogo, umelegea tena, na mbebaji anadhani tatizo ni yeye. Nilikwenda na rula. Muuzaji alishangaa, kisha akaanza kunisaidia kuchambua. "Mama, hizi zilizopauka usichukue," akaniambia, "plastiki ikishakuwa nyeupe kwenye kona inapasuka kwa baridi." Anajua kazi yake. Nimechukua zile ambazo meno yake yanalia vizuri zikiingia na kutoka.

Fundi wa mabegi atashona jioni. Nimemwomba ncha ya kila mkanda aikunje mara mbili na kuishona, isiweze kuchomoka ikivutwa kwa nguvu. Na mahali mkanda unapoungana na begi ashone mraba wenye msalaba katikati, si mstari mmoja. Mstari mmoja ukikatika uzi mahali pamoja, wote unafumuka.

Jumamosi, 8 Juni

Mambo ya keria ya gari. Dereva wa Kosta anapenda mikanda ya racheti kwa kila kitu, na kwa keria namuunga mkono. Ila lebo isikatwe. Kwenye mikanda ya kiwango cha Ulaya, lebo ya bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini, na namba ya LC ni nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kuvutwa ukiwa umenyooka. Si uzito wa mizigo ya kurundika chini yake. Mkanda uliopita juu ya mizigo unafanya kazi moja: kuigandamiza kwenye keria ili msuguano uishike. Ndiyo maana turubai linaloteleza likilazwa chini ya mabegi, hata kwa racheti nne mizigo haitulii.

Racheti ina nguvu kuliko anayeivuta anavyohisi. Vyuma vya hema vikikazwa nayo vinapinda, na viti vya kukunja havifunguki tena. Kwa vitu hivyo tumia mkanda wa bizimu yenye meno na springi, unaokazwa kwa mkono peke yake. Mkono utakoma kabla chuma hakijapinda.

Nimewaonyesha vijana pia kuupindua mkanda nusu mzunguko mahali unapovuka hewani. Mkanda bapa ukikutana na upepo barabarani unatetemeka na kuvuma, na kule kutetemeka kunasugua nyuzi kwenye ukingo wa chuma. Na bizimu isirushwe juu ya gari. Ishushwe upande wa pili kwa mkono, kuna vioo na kuna vichwa vya watu.

Jumanne, 11 Juni

Kijana wa bodaboda kaleta mitungi ya gesi, miwili, amelaza turubai katikati, kafunga kwa mpira wa tyubu. Nilimwomba afungue taratibu nione.

Huu mpira naupenda kwa moyo wote. Tyubu iliyokufa inakatwa kwa kuzunguka, unapata utepe mrefu. Unaanza kwa kuunasa kwenye chuma cha keria, kisha kila mzunguko unauvuta kabla ya kuulaza, na kila mzunguko unaongeza mbano wa uliotangulia. Ncha ya mwisho inachomekwa chini ya utepe, bila fundo. Pikipiki ikiruka shimo, mzigo unasogea na mpira unaufuata, haulegei. Ukifika, unachomoa ncha na kila kitu kinaachia. Hakuna mkanda wa dukani unaonipa yote hayo kwa bei hiyo.

Ila una mipaka. Mafuta na petroli huulainisha na kuuvimbisha, karibu na ekzosi unaungua, na ncha ikining'inia hadi kwenye spoku inaweza kumwangusha mtu. Kabla ya kufunga, uvute mbele ya mwanga. Ukiona vinyufa vya kukingama, utupe. Hata hivyo nauamini kuliko ile mipira ya kulabu za chuma. Kulabu ikichomoka huku mpira umevutika inarudi kwa aliyeivuta, usoni, na jicho halina spea. Zile za kulabu nimeziondoa stoo kabisa.

Kwenye pipa nimekuta pia mkanda mmoja wa kampuni ya Voile, ya Utah, Marekani, alioacha mgeni. Ni wa plastiki inayovutika, una matundu na bizimu ndogo. Kwao walianza kufungia mbao za kutelezea kwenye theluji. Kazi yake inakaribiana na ya tyubu, ila huu unafungika hata kwa glavu na haugandi kwa baridi. Nimempa mpishi mkuu afungie miguu ya meza. Juu kule anaamka usiku kuchemsha maji, vidole vimekufa ganzi. Fundo lililolowa na kuganda lingemdai kisu.

Ijumaa, 14 Juni. Geti la Machame

Mizani ilikaa sawa, hakuna mzigo uliovuka kilo 20. Baada ya mizani nilipita kwa kila mtu. Mkanda wa kiuno kwanza, ukalie mfupa wa nyonga, ukazwe. Kisha ya mabega ivutwe mpaka iguse tu. Ya kifuani mwisho. Kijana mmoja mgeni kwenye kazi alivaa, akasimama, akapiga hatua chache, akageuka: "Shikamoo mama, hii ni nyepesi." Mzigo ulikuwa ule ule wa mizani.

Magodoro ya povu nimeyafunga wima, yote, ingawa wapo waliozoea kuyafunga kwa kukingama. Ukuta wa Barranco unapandwa kwa mikono na miguu, na pana mahali inabidi ukumbatie mwamba ili upite. Godoro lililochomoza pembeni linagonga jiwe na kumsukuma mtu nje. Ncha zote za mikanda zimeviringishwa na kubanwa. Mvua ya msituni ikipita, kila mmoja akaze upya; nimemwachia kiongozi neno hilo.

Alhamisi, 20 Juni

Wameshuka kwa njia ya Mweka wote salama. Nimekagua mabegi kabla hayajaoshwa. Klipu za kiunoni zimerudi nzima isipokuwa moja iliyokanyagwa hemani, na mbebaji wake aliunga kwa kipande cha tyubu mpaka chini. Mikanda ya nailoni ililegea Shira baada ya mvua, kama ilivyotarajiwa, wakaikaza.

Mpishi mkuu anataka mikanda mingine kama ule wa plastiki. Nitaulizia bei kwa wageni wajao. Kesho fundi anapelekewa mabegi yaliyobaki, na mimi narudi Memorial na rula kutafuta klipu za milimita 50, zile nyeusi.