Mnara wa Taa wa Chumbe

Sisi wa Suma tumezaliwa milimani, penye migomba na mvua nyingi. Mwaka ule macho yetu yalikuwa yamepungua nguvu, tukakusudia kuacha kufundisha, tukaenda Unguja kumwaga ndugu yetu. Usiku ulitukuta baharini, hofu ikatushika. Mara tukaona nuru ikiwaka na kufifia. Hata sisi wenye macho mabovu tuliiona. Baharia akasema, “Ile ni Chumbe.”

Mnara ule ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na mwaka 1926 ukatiwa taa ya gesi, ya namna iliyobuniwa na Gustaf Dalén, mtu wa Sweden. Yeye ndiye aliyetengeneza kifaa cha kuzima taa jua lichomozapo na kuiwasha lichwapo. Mwaka 1912 gesi ilimlipukia, akapofuka. Wala hakuacha kazi yake.

Tulipojua habari hiyo tuliona haya. Tulirudi Suma, tukashika chaki tena. Mtoto mmoja hutusomea maandishi madogo, nasi twamweleza maana yake. Nawe msomaji, usiseme umekwisha kazi, ungali unalo neno la kumfundisha mtoto.