Usimpe D Aliyepata 80

Mtahiniwa, madaraja ya Baraza la Mitihani umeshayakariri: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kwa kujifunzia masharti katika lugha ya C, sijaona mfano unaouzidi huu, kwa sababu programu ikikosea unajua kabisa nani ameumia.

Katika madaftari ninayosahihisha hapa Mtoni, hii hunijia mara nyingi:

if (alama >= 30) daraja = 'D';
else if (alama >= 45) daraja = 'C';
else if (alama >= 65) daraja = 'B';
else if (alama >= 75) daraja = 'A';
else daraja = 'F';

Kompyuta haitalalamika. Ingiza 80 uone. Sharti la kwanza linauliza kama 80 inafika 30. Inafika, tena inapitiliza. Basi daraja ni D, na mistari yote ya else inarukwa bila kusomwa. Mtoto wa watu kakesha na vitabu, kaambulia D! Anza na 75, kisha shuka hadi 30.

Wale wakali wa hisabati wana kosa lao. Huandika if (30 <= alama <= 44), na ubaoni wangepewa vema. Lakini C huanzia kushoto: 30 <= alama hutoa 1 ikiwa kweli, 0 ikiwa si kweli. Kisha hiyo 1 au 0 ndiyo inayolinganishwa na 44. Zote ni ndogo kuliko 44, hivyo sharti ni kweli daima, hata kwa aliyepata 12. Andika if (alama >= 30 && alama <= 44).

Na ishara moja ya = haiulizi, inaweka thamani. Kuuliza ni ==.

Umeme ukikatika usifunge daftari. Chora jedwali la safu mbili, alama na daraja, upitishe 29, 30, 44, 45, 64, 65, 74 na 75, mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya karatasi. Mimi nikisahihisha huanza na namba hizo za mpakani. Aliyeandika > badala ya >= hajulikani kwa 50 wala kwa 80; hujulikana kwenye 75, pale mtahiniwa wake wa A anapotoka na B.