Swali la Mama wa Mapacha

Nilipokuwa nahudumia wagonjwa majumbani huko Uingereza, nyumba moja ilikuwa na mapacha, wanawake wa miaka arobaini na ushei, wamefanana hata wiki mbili za kwanza niliwatofautisha kwa fimbo tu. Mmoja alitembea nayo. Siku moja kifungo cha blauzi kilimkatika. Akashika sindano, mkono ukatetemeka, uzi ukapita pembeni mara tatu, mara nne. Pacha wake akaipokea bila neno, akatunga uzi mara moja, kisha akamrudishia ashone mwenyewe.

Ugonjwa wake ni maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili, ikashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Jioni ile mama yao, bibi wa zaidi ya miaka 70, aliniuliza jikoni kwa sauti ya chini: "Nimempa mimi?"

Swali hilo niliondoka nalo. Kwetu mtoto akiugua maradhi yasiyoeleweka, ukoo huanza kuulizana ni ya upande wa nani, na mara nyingi mzigo humwangukia mama. Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

Tangu miaka ya 1970 wanasayansi wanautafuta mzizi wa ugonjwa huu ndani ya vinasaba. Cha kwanza kuonekana kimo katika kundi liitwalo HLA, linaloisaidia kinga kumtambua adui. Aina yake moja huongeza uwezekano wa kuugua karibu mara tatu, na bado wengi walio nayo hawaugui maisha yao yote. Mwaka 2019 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha wagonjwa zaidi ya 47,000 na watu wasiougua zaidi ya 68,000, wakapata alama 233 za vinasaba. Nyingi kati ya hizo huongeza hatari kidogo mno. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa wanajeshi wa Marekani: kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr kuliongeza hatari mara 32. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho.

Nililolishika zaidi ni habari ya mapacha wenyewe. Wa kufanana wana vinasaba vilevile, lakini mmoja akiugua, mwenzake naye huugua takriban mara moja tu kati ya nne.

Nilirudi jikoni na jibu langu: "Mama, ulichompa huyu ndicho ulichompa na yule." Alinyamaza kitambo kirefu, akazima jiko, akapeleka chai sebuleni, vikombe viwili.

Nawe msomaji, ukiitwa kwenye kikao cha ukoo mtoto akiwa kitandani, na mtu akauliza ni damu ya nani, tafadhali usinyamaze. Mama yake yuko chumba cha pili, anasikia.