Muulize Katekista Kwanza

Mpanda, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Baba yako anaendelea na dawa, mguu umepungua kuvimba, na Jumapili alikwenda misa ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe.

Ujumbe wako ulinikuta ukumbini, katikati ya semina ya parokia, nikaona nisikujibu kwa simu. Unasema umemaliza uuguzi, na kabla ya kutafuta ajira unataka kutoa mwaka mmoja kwenye zahanati ya misheni huku ziwani. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe kwa furaha. Na sisi siku zile tatu tulikuwa tunazungumza jambo hilohilo, umisionari na kujitolea, mapadre, masista, akina mama wa WAWATA, vijana wa vigango vya mbali, pamoja na wageni kutoka Ulaya.

Padre mmoja alitueleza habari za Pauline Jaricot, binti wa mwenye kiwanda cha hariri kule Lyon, Ufaransa. Hakwenda misheni hata siku moja. Aliwakusanya wafanyakazi wa hariri kumi kumi, kila mmoja akasali na kutoa senti yake kila juma, na mwaka 1822 kazi hiyo ikazaa Shirika la Uenezaji wa Imani. Sadaka yetu ya Dominika ya Kimisionari, ile ya Oktoba, ina mizizi hapo. Alikufa fukara, mwaka 2022 Kanisa likamtangaza mwenyeheri. Niliwatazama akina mama wa jumuiya yangu, wenye kuchanga mia tano mia tano, nikaona wameinua vichwa.

Ila mimi kilichonikaa moyoni ni Atiman. Jina hilo umelisikia tangu mtoto. Alizaliwa mbali huko upande wa Timbuktu, akatekwa angali mdogo, akauzwa. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku, na kutoka pwani hadi Karema huku ziwani ilikuwa mwendo wa miguu. Hapo Karema akatibu na kufundisha dini, akaoa, mwanawe akapata upadre, na hapo akakaa hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Alikuja kijana mgeni asiyejua lugha. Alipokufa alikuwa mzee wa Karema.

Nakueleza haya kwa sababu mwaka mmoja ni mfupi, mwanangu. Wakati nikiwa kazini kilikuja kikundi cha wanaojitolea, wakakaa wiki tatu, wakatuachia mashine nzuri ya kupimia damu. Hawakumwuliza mtu wetu wa maabara hata neno. Vitendanishi vilipokwisha, havikupatikana popote nchini, na mashine ile tuliifunika kitambaa mpaka nilipostaafu. Walikuwa watu wema, nami sina shaka na imani yao. Walichokosa ni kukaa kwanza na kusikiliza.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujafungua sanduku, nenda kwa katekista. Ndiye anayejua nyumba yenye mgonjwa asiyeletwa zahanati, mama aliyezalia njiani, na mzee anayeona aibu kusema hana nauli. Anazunguka vigango kwa baiskeli, anaongoza ibada padre asipokuwepo, anazika, na usiku anaitwa, yote hayo kwa posho isiyotosha sabuni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista katika hati ya Ad Gentes mwaka 1965, na Papa Fransisko akaifanya kazi yao huduma rasmi ya Kanisa mwaka 2021. Lakini siku ya pili ya semina, wanaojitolea walipoitwa mbele watambulishwe, makatekista wetu walikuwa nyuma wanapanga viti. Hakuna aliyewaita. Nilisimama nikasema kwamba hawa nao wanajitolea, tena kwa miaka 20 na 30. Ukumbi ulipiga makofi, nao wakabaki wameshika viti, hawajui wavitue au wasimame.

Jambo jingine, nalo usilione dogo. Kujitolea si kutumikishwa. Omba makubaliano ya maandishi: chumba, chakula, bima ya afya, siku ya kupumzika, na tarehe ya kumaliza. Nimeona wauguzi vijana waliokuja kwa moyo wakaachwa zamu za usiku mfululizo kwa kisingizio cha sadaka, wakaondoka wamechukia hata kanisa. Sadaka anaitoa mwenye nayo; mwingine hana haki ya kukudai.

Na Kifipa chako nasikia umekiacha Mwanza. Kiokote. Bibi mwenye maumivu ya tumbo hawezi kukueleza kwa Kiswahili cha chuoni yanakoanzia na yanakokwenda, naye akikusikia unamwamkia kwa lugha yake atakuambia hata yale aliyomficha mkwewe.

Usije kwa sababu shangazi yako amefurahi. Sali, zungumza na baba yako, maana alitegemea mshahara wako wa kwanza ingawa hatakuambia. Ukishaamua, nijulishe siku ya safari. Chandarua ninacho, na kitenge cha kujitandia kwenye baridi ya alfajiri nitakununulia soko la Jumamosi.

Akupendaye,
Shangazi yako