Majina ya Chai, na Majani Yasiyo na Jina

Sisi wapenzi wa chai tuna ubishi wetu usioisha: ni lugha ipi yenye majina matamu zaidi ya chai na vyombo vyake? Wengi huwapa Wajapani ushindi bila kujiuliza mara mbili. Wengine Wachina. Mimi nina jibu langu, lakini naomba msomaji univumilie nizunguke kidogo kabla sijalitoa, kwa sababu jibu lenyewe lina doa.

Tuanze na Kijapani, maana wana haki ya kujidai. Kile kikombe chao kirefu kisicho na mkono kinaitwa yunomi: "yu" ni maji ya moto, "nomi" ni kunywa. Basi. Hata chai haikutajwa. Bakuli la chai ni chawan, na leo wanalia wali humohumo huku jina likibaki la chai. Warusi nao wana samovar, yaani kinachojichemshia chenyewe. Waturuki bilauri yao ya chai wanaiita kiuno chembamba, na chai iliyoiva rangi ikakolea wanaiita damu ya sungura. Ila anayenichekesha zaidi ni Mmoroko. Birika lake ni berrad, neno lenye mzizi wa Kiarabu wa kupoza, na katika nchi nyingine za Kiarabu barrad ni friji! Chombo kinafuka mvuke, jina linasema kipoza.

Mama wa wote hao ni Kichina. Waholanzi walionunua chai iliyotoka Fujian waliondoka na neno "te", wakaisambazia Ulaya. Chai iliyopita nchi kavu kwenda Uajemi ilikwenda na "cha", nako ikawa "chay". Sisi Waswahili tuko kundi hili la pili. Mimi nimekulia Rungwe, na mpaka wa maneno hayo mawili hauko mbali na kwetu: Kyela wanakunywa chai, ukivuka mto Songwe kuingia Malawi wanakunywa tiyi. Majani ni yaleyale.

Sasa jibu langu: Kiswahili. Na wala si uzalendo.

Fungua kabati la mama yangu. Birika tumelipata kwa Waarabu, ibriq, nao walilitoa kwa Waajemi kwenye maneno mawili, "maji" na "kumwaga". Sinia ni Kiarabu pia, siniyya, na ndani yake mna Sin, yaani China: chombo cha Kichina. Mama hajawahi kufika hata Nairobi, lakini kila mgeni akija anamletea China kwa mikono miwili, na vikombe vinne juu yake. Chujio halikutoka popote, limezaliwa hapahapa na kitenzi kuchuja.

Halafu chai yenyewe. Bara tunasema chai ya rangi, utadhani ya maziwa haina rangi. Pwani wanaiita mkandaa, jina la mti wa mikoko ambao magamba yake hutoa rangi nyekundu. Ni macho yaleyale ya Mturuki na sungura wake. Nairobi vijana wanaiita strungi. Mchaichai si ndugu wa chai hata kidogo, lakini tumeupa jina la chai mara mbili. Ukiulizwa asubuhi "umekunywa chai?" unajibu ndiyo, hata kama ulikunywa uji. Mtu wa ofisi akikuomba chai, usipeleke birika. Na siku hizi Dar es Salaam ukisimulia jambo lisiloingia akilini utaambiwa, "Acha chai wewe." Neno moja limebeba kifungua kinywa, rushwa na uongo, na bado linanukia tangawizi.

Doa liko wapi? Liko shambani.

Mama alichuma chai miaka mingi, kikapu mgongoni, asubuhi ya ukungu. Anachojua kuhusu jina la alichochuma ni "majani". Majani mabichi, yanapimwa kwa kilo, basi. Mche maarufu kwenye mashamba mengi ya Afrika Mashariki unaitwa 6/8. Wakenya mwaka 2011 walitoa mche wenye majani ya zambarau, kitu cha kujivunia kabisa, ukaitwa TRFK 306. Nambari, kama gari. Linganisha na Wachina: kule milima ya Wuyi kuna chai inaitwa Da Hong Pao, Joho Kubwa Jekundu. Karibu na Hangzhou kuna Longjing, Kisima cha Joka, jina la kijiji na kisima chake. Mnywaji wa London au Tokyo akilipa, analipia na joka.

Ya kwetu ikitoka kiwandani inapewa herufi. Ukifuatilia mnada wa Mombasa utazikuta: BP1, PF1, PD, D1. Zinataja ukubwa wa chembe tu, hazisemi mlima wala mkono. Hiyo D ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya vumbi. Yaani asubuhi zile zote za ukungu, mwisho wake zinaweza kuitwa vumbi namba moja.

Hiyo P ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni ya "pekoe", neno ambalo Waingereza walilichukua kwa Wachina wa Fujian, maana yake vinyweleo vyeupe vile vinavyofunika chipukizi changa. Kwa hiyo hata ndani ya herufi zile kavu kuna mtu aliyewahi kulitazama jani kwa karibu. Likizo iliyopita nilimwuliza mama, bila kumweleza lolote:

"Mama, hivi vinyweleo kwenye chipukizi mnaviitaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la maji. "Si malaika hayo?"

Malaika! Neno lilelile la vinyweleo laini vya mwilini, na la wale wa mbinguni. Pekoe kwa Kiswahili ilikuwepo muda wote, kinywani mwa wachumaji, ila haijawahi kuandikwa kwenye gunia hata moja. Nikamweleza habari ya P, ya joho, ya joka, na bei zake. Nikamwambia chai ya Rungwe ingeweza kuuzwa kwa jina lake, Malaika Weupe tuseme, badala ya kuchanganywa na za wengine kwenye pakiti isiyotaja hata mlima mmoja.

Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai.

"Kwanza waongeze bei ya kilo," akasema. "Jina tutalitafuta tukiwa tumekaa."

Tumebishana tangu siku hiyo. Yeye anasema bei kwanza. Mimi nasema kisicho na jina hakina bei, kinapimwa tu. Ubishi wa lugha ipi ina majina matamu nimewaachia wengine, huu wa mama ndio ninaopigiwa simu kila Jumapili.