Makongolosi: changarawe iliyobakiza dhahabu, ikapoteza rutuba

Basi linalotoka Mbeya kwenda Makongolosi huanza safari kwa kupanda. Linaacha mji, linaingia kwenye ubaridi wa safu ya milima ya Mbeya, na abiria wanaanza kufunga madirisha mmoja baada ya mwingine. Juu huko, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, udongo wa kando ya barabara ni mweusi, laini, na ukiushika unabaki mkononi. Una majivu ya kale ya volkano za upande wa Rungwe ndani yake, na wakulima wa viazi wanaujua vizuri.

Kisha barabara inaanza kushuka. Joto linarudi, miombo inachukua nafasi ya nyasi fupi za mlimani, na baada ya kilomita 72 za lami msafiri yuko Chunya. Zimebaki kilomita 39 hadi Makongolosi. Mtoto aliyekaa dirishani hahitaji kuambiwa kwamba nchi imebadilika. Weusi umeisha. Kando ya barabara sasa kuna wekundu uliopauka, kahawia, na vipande vyeupe vinavyometa juani. Akishuka na kutembea nje ya lami, ardhi inalia chini ya viatu vyake: kwacha, kwacha. Ni changarawe.

Wageni wengi hufika Makongolosi wakiwa na neno moja tu kichwani, dhahabu. Ni kweli mji huu umo ndani ya Lupa, eneo ambalo dhahabu yake ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 mamia ya wazungu na maelfu ya Waafrika walikuwa wakichimba na kuosha mchanga kwenye mabonde yake. Hata mji wa Mbeya ulipata nguvu zake za mwanzo kutokana na biashara hiyo. Lakini kwa familia inayoishi hapa, inayolima hapa na kulea watoto hapa, udongo wenyewe una habari kubwa kuliko dhahabu.

Changarawe hii ilitoka kwenye miamba mikongwe sana, yenye umri wa karibu miaka bilioni mbili. Ndani ya miamba hiyo mna mishipa ya jiwe jeupe gumu, ambalo wataalamu huliita kwatzi, na dhahabu nyingi ya Lupa imekaa humo. Jua na mvua viliivunja miamba kidogo kidogo. Mito ikabeba vipande, ikavitupa mabondeni, ikahama njia, ikachimba chini zaidi, na kuacha nyuma sehemu tambarare zilizoinuka kama ngazi pembeni mwa mto. Kwenye milima yenye barafu, kama Mlima Kenya, kazi ya namna hii ilianzwa na barafu iliyosaga mawe kabla maji ya kuyeyuka hayajayasambaza. Huku Chunya ilitosha mvua, na muda mrefu mno.

Maji yanapobeba mzigo huuchambua. Kilicho kizito hutua kwanza, chepesi huendelea na safari. Kwa ujazo uleule, dhahabu ina uzito wa karibu mara saba ya kwatzi, kwa hiyo mto ulipopunguza kasi, dhahabu ilizama na kubaki katikati ya kokoto. Udongo wa mfinyanzi, ule mwembamba unaoshika maji na virutubisho vya mimea, haukuwa na uzito wa kusimama. Ulikwenda zake kuelekea bonde la Rukwa. Mto ule ule uliomwekea mchimbaji mali yake ndio uliomwondolea mkulima ya kwake.

Mzazi anaweza kumwonyesha mtoto jambo hili kwa chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Chupa hujazwa udongo wa shambani hadi theluthi, huongezwa maji, hufungwa, hutikiswa kwa nguvu, kisha huachwa mezani. Kokoto na mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili. Vumbi laini huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuendelea kuelea na kuchafua maji hata kesho yake. Chupa ya udongo wa kule juu mlimani itabaki na maji machafu kwa muda mrefu, ilhali chupa ya changarawe ya Makongolosi husafika mapema, na tabaka la juu kabisa, lile la mfinyanzi, linakuwa jembamba kama karatasi. Jaribio hili lifanywe kwa udongo wa shamba au wa uani tu. Mchanga unaotoka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu haufai kuingia mikononi mwa mtoto, kwa sababu itakayoelezwa chini.

Ardhi ya namna hii hupenda nyasi kuliko inavyopenda mahindi. Mvua ya kwanza ikinyesha, Novemba au Desemba, maji huzama haraka na nyasi huchipua ndani ya siku chache. Wafugaji wanaijua neema hiyo. Lakini maji hayo hayo huendelea kushuka, na jua likiwaka wiki mbili bila mvua, mahindi ndiyo ya kwanza kukunja majani. Rutuba iliyopo imekaa juu kabisa, kwenye kina cha vidole vichache, pale mizizi ya nyasi inapokufa na kuoza mwaka hadi mwaka. Ukiliondoa tabaka hilo, au ukilichoma moto kila kiangazi, chini yake kuna mawe tu.

Ndiyo maana mbolea yote ya dukani ikimwagwa shambani siku moja, kiasi kikubwa huoshwa na mvua kubwa inayofuata, na pesa ya familia imekwenda nayo. Inayogawanywa mara mbili au tatu hudumu zaidi. Samadi husaidia kwa njia ambayo mbolea ya chumvichumvi haiwezi, kwa sababu inaongeza kitu cha kushika maji. Mtama, karanga na ufuta huvumilia changarawe kuliko mahindi. Mwenye shaka na shamba lake anaweza kupeleka sampuli ya udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, jijini Mbeya, kabla hajatoa fedha za msimu.

Kuna mahali pamoja ambapo changarawe imeshindwa, na watoto wanapafahamu kwa kupapanda: kichuguu. Mchwa hushuka chini, huchukua chembe laini za udongo, moja moja, na kuzipandisha juu. Wanachofanya ni kinyume cha kazi ya mto. Kichuguu kikubwa cha miombo kwa hiyo kina mfinyanzi na virutubisho kuliko ardhi inayokizunguka, na mwenye akili hupanda maboga au nyanya juu yake, au hukibomoa na kusambaza udongo wake shambani, au hufyatulia matofali. Watafutaji wa madini nao hupima udongo wa vichuguu, wakijua mchwa anaweza kuwa amepandisha dalili ya kilichoko chini. Ni mdudu mmoja anayewahudumia mkulima na mchimbaji bila kulipwa na yeyote.

Udongo wa kichuguu vilevile huliwa, na mjamzito anayetamani udongo si habari ngeni Tanzania. Unaouzwa sokoni kwa vipande huitwa pemba. Utafiti uliofanywa Geita, kwenye jamii za wachimbaji wadogo, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wakila udongo, na udongo huo ulipopimwa ulikuwa na madini hatari, zebaki na aseniki yakiwemo. Geita si Chunya, lakini kazi ni ile ile na zebaki ni ile ile. Mjamzito wa Makongolosi anayeumwa na hamu hiyo anastahili kumweleza mhudumu wa kliniki bila kuona aibu. Wakati mwingine hamu ya udongo huambatana na upungufu wa damu, na huo una dawa.

Hapo ndipo stori ya changarawe inapoingia ndani ya nyumba. Jiwe lenye dhahabu husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwa maji, kisha zebaki huongezwa ili ishikamane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huwekwa kwenye moto, zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukichomewa jikoni au uani, hutua kwenye nguo, kwenye sufuria na kwenye vumbi ambalo mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni. Zebaki huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni au mwenye umri mdogo ndiye anayeumia zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoitaja Mbeya, pamoja na Geita na Shinyanga, miongoni mwa mikoa ambako lilikuta watoto wakifanya kazi machimboni, wengine wakishika zebaki kwa mikono. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inauweka uchimbaji katika kazi hatarishi ambazo mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzifanya. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi kupunguza zebaki na, inapowezekana, kuiondoa kwenye uchimbaji mdogo.

Sheria ni jambo jema, ila mzazi anayeondoka alfajiri kwenda duarani na kurudi jioni na vumbi la mwalo kwenye suruali hawezi kusubiri itekelezwe. Yapo yaliyo ndani ya uwezo wake: kubadili nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, kutofua nguo za kazi pamoja na za watoto, kutochoma donge nyumbani hata mvua ikinyesha, na kutomruhusu mtoto kucheza kwenye malundo ya marudio. Malundo hayo yanavutia watoto, hilo halifichiki. Ni mchanga laini mahali ambapo kila kitu kingine ni kokoto.

Mashimo yaliyoachwa yana tatizo jingine, la polepole. Mchimbaji huchimba akishuka, hutupa pembeni kilicho juu kwanza, na changarawe ya chini huja kukaa juu yake. Udongo ule mchache wenye rutuba unafukiwa na mawe yanabaki yakitazama jua. Ardhi imegeuzwa kichwa chini. Nyasi zitarudi, lakini kwa kusitasita, na shamba litachelewa zaidi. Tofauti huletwa na uamuzi wa siku ya kwanza: kutenga udongo wa juu kwenye lundo lake, na siku ya kuondoka kurudisha mawe kwanza, udongo mwisho. Ni jasho la ziada ambalo halilipwi dukani kwa mnunuzi wa dhahabu, na ni wachache wanaolitoa. Wanaochimba kwenye mashamba yao wenyewe wana sababu zaidi ya kulitoa.

Kutoka Makongolosi barabara inaendelea kaskazini kuelekea Rungwa na Itigi. Mto Lupa una njia yake. Masika yakichanganya, maji yake hugeuka rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mfinyanzi ambao changarawe haikuweza kuushika na chochote kilichoachwa wazi kwenye mialo. Yanakwenda Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo hutua chini na kubaki, na juu yake wavuvi wanatega nyavu za samaki wanaopandishwa kuuzwa Chunya na Mbeya.