Kamera Isiyo na Ulimi

Mwaka huu kalamu yangu imeangukia kamera ndogo za dijitali zilizoundwa zikafanana na zile za enzi za babu zetu: umbo la rangi ya fedha, ngozi nyeusi ubavuni, na vigurudumu vya kuzungusha juu. Najua wengine mtaguna, "Ya nini kamera na simu ninayo?" Ngojeni kidogo.

Sura ile ni ya kuazima, hilo nakubali. Ngozi yenyewe mara nyingi ni plastiki tu. Kamera ya kwanza ya dijitali haikufanana nayo hata chembe. Aliiunda Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani, mwaka wa 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kanda ya kaseti! Mtindo wa sura ya kale ulipata nguvu Fujifilm walipotoa X100 mwaka wa 2011. Toleo la 2024, X100VI, lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 1,599. Hapa Iftin hilo ni kundi zima la mbuzi. Mwaka wa 2025 ikatoka Kodak Charmera ya kuning'iniza kwenye funguo, gramu 30, na bei yake ilipotoka haikufika dola 30. Picha zake ni hafifu, lakini watu wanaipenda.

Yetu aliileta abti kutoka Minneapolis. Haina jina kubwa, haina laini, haina intaneti.

Sasa, walimu mliotoka mbali huenda hamjui shaash saar. Ni sherehe ya wanawake watupu, siku ya saba baada ya harusi. Bibi arusi hufungwa kitambaa cha shaash, buraanbur huimbwa, mabuibui huvuliwa, na watu hucheza hadi jasho liwatoke. Tangu simu zijae, furaha hiyo imeingia hofu. Msichana mmoja ninayemjua alipigwa picha akicheza. Kufika alasiri ilikuwa imezunguka WhatsApp mji mzima. Hakuja shule muhula wote.

Kwa hiyo katika shaash saar ya dada yangu, habaryar alisimama mlangoni na karai, kila simu ndani. Akaniona na kamera shingoni. Akaigeuzageuza.

"Hii inatuma?"

"Haina njia ya kutuma, habaryar."

"Basi piga. Na kadi yake utanipa mimi."

Wallahi, nilishangaa. Ayeeyo, ambaye picha yake pekee ni ile ya kitambulisho, aliketi mwenyewe, akatengeneza garbasaar yake, akasema nisubiri kwanza anywe maji. Nilipiga arobaini na moja. Tulichagua kumi na mbili, tukazisafisha kwa dada mmoja mwenye studio ili mwanamume asizione, zilizobaki habaryar akazifuta.

Kadi nayo yaweza kunakiliwa, sikatai. Lakini lazima mtu aichomoe, atafute kompyuta, akae chini. Katika simu ni kidole kimoja tu, na hasira au mzaha wa dakika moja unatosha.

Picha ya ayeeyo imefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku lake. Akija mgeni wa kike huitoa, akauliza, "Si nimependeza?" Binti ya habaryar anaolewa Agosti, na nimeshaagizwa niichaji mapema, maana stima ya kwetu haiaminiki.